Kitanzi Kitupu

Mizani ya kiwanda cha mkonge, Pongwe,
ina ubongo mdogo uliokuja na meli
kabla mama hajanizaa.
Namba ya prosesa niliifuta vumbi kwa mate na kidole
ndipo ikasomeka. Nikamtafutia mwenzake: hayupo.
Kompaila inayomjua ina kurasa tatu juu yake,
na ya tatu inasema, haijajaribiwa.

Malori yalikuwa yanapanga foleni hadi relini.
Meneja akataka upesi.
(Usiniletee ya haraka na baraka, hata yeye anayajua.)
Nikaiambia kompaila: boresha, daraja la tatu,
la juu kabisa, usione haya.
Kwenye kompyuta yangu, chumbani Chumbageni,
majaribio mia mbili na kumi na nne
yalipita yote.

Ndani ya programu, Hiza Semboja,
ambaye sikuwahi kumwona, aliacha kitanzi.
Hesabu kutoka sifuri hadi elfu arobaini.
Usijumlishe, usiandike, usimwambie mtu.
Hesabu tu.
Hakueleza kwa nini. Labda alidhani kila mtu anajua
kwamba robota likitua juu ya sahani linatetemeka,
kama mtu aliyekanyaga ngazi asiyoiona,
na chuma kinahitaji pumzi mbili
kabla ya kusema kweli.

Kompaila ikamkuta kama mkaguzi mgeni
amkutavyo mlinzi langoni.
Unafanya nini? Nasimama.
Unazalisha nini? Nasimama.
Ikamfuta kazi.

Kisha ikafika pale tunaposoma uzito,
tunasoma tena, tunalinganisha,
mpaka namba mbili zifanane.
Ikacheka, kama kompaila hucheka:
anwani moja, jibu moja, zitaachaje kufanana?
Ikasoma mara moja. Ikaridhika.
Haikujua kwamba anwani ile si kumbukumbu,
ni waya unaoshuka gizani hadi kwenye chuma
kinachotikisika.

Kosa si lake. Sheria zake zinairuhusu.
Palihitajika neno moja la kuionya, neno moja tu,
na mashine zote za kawaida
zilikuwa zimetusamehe kutoliandika.

Aliyegundua ni Tatu Singano wa kwenye presi.
Ana daftari la mraba, kalamu ya buluu imefungwa kwa uzi wa katani.
Wanalipwa kwa kilo, yeye na wenzake watano.
Akaniita, akaweka robota lile lile mara tatu:
mia mbili na thelathini na moja,
mia mbili na arobaini na sita,
mia mbili na kumi na tisa.
"Robota halili, halinyi," akasema.
"Mashine yako inajibu kabla swali halijaisha."

Siku tisa.
Nilikaa chini sakafuni, manyoya ya mkonge yakiniingia puani,
nikafungua msimbo uliozaliwa, mstari kwa mstari,
nikitafuta kitanzi. Pale kilipokuwa
hapakuwa hata na kovu.

Nimekirudisha. Nimeandika lile neno la onyo,
nimeshusha daraja hadi sifuri.
Malori yamerudi relini. Simu ya meneja inaita,
naiangalia ikiita.
Kilo za siku tisa bado ziko kwenye daftari la Tatu,
na mhasibu anasema daftari si ushahidi.

Juu ya kitanzi nimemwachia maelezo atakayekuja,
nimeyahesabu mizani, nane kwa nane,
ubishi wa mtu wa Tanga:

*Kusimama si uvivu, mlinzi yuko kazini,*
*hesabu hii si mbovu, kuna chuma kule chini,*
*ukikifuta kwa nguvu, utapunja mizanini.*

Kisha nikabonyeza, nikatazama ikipita.
Kompaila haisomi maelezo.
Huyaruka.